Volti 48 hupitaje kwenye waya uleule wa sauti?

Swali hili limetoka kwa kijana wa Tanga anayerekodi kikundi cha qaswida katika chumba kimoja cha nyumbani kwao:

"Assalaam alaykum fundi, shikamoo. Nimenunua maiki mbili za kondensa. Nilipozichomeka mara ya kwanza hazikutoa sauti kabisa, mpaka rafiki yangu akaniambia nibonyeze kitufe cha 48V kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Hapo zikaamka. Sasa fundi mitambo wa ukumbini kwetu, mtu mzima ninayemheshimu, amenikataza kukigusa kitufe hicho kwenye miksa ya ukumbi. Anasema volti 48 zitaunguza maiki zake za kawaida na vijana watapigwa shoti mdomoni. Naomba unieleweshe: umeme unapitaje kwenye waya uleule wa sauti bila kuiharibu sauti? Ni kweli una hatari? Na kwa nini nikitumia maiki zote mbili, dufu likipigwa kwa nguvu sauti inakwaruza, lakini nikitumia moja tu haikwaruzi?"

Waalaykum salaam, marahaba. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nao ni usawa wa nyaya mbili. Nitakwenda taratibu hapo, kwa sababu ukishauelewa usawa huo utaweza kujijibu mambo mengi ambayo hujaniuliza. Na mzee wako wa ukumbini usimpuuze. Hofu yake ina chanzo cha kweli, isipokuwa amemshika asiye na kosa akamwacha mwenye kosa.

Tuanze na dufu, maana unalo karibu. Ngozi iliyowambwa ukiipiga inatikisika, na mtikisiko wake unasukuma hewa. Maiki ya kondensa inafanya kazi hiyo kinyumenyume. Ndani yake kuna kiwambo cha plastiki nyembamba mno, kimepakwa tabaka la dhahabu au madini mengine yanayopitisha umeme, kimewambwa mbele ya bamba la chuma bila kuligusa. Hewa ikikipiga kiwambo, nafasi kati yake na bamba inapungua na kuongezeka. Kiwambo na bamba vikiwa vimetiwa chaji ya umeme, kusogea huko kunageuka kuwa volti zinazopanda na kushuka, na hiyo ndiyo sauti ya dufu ikiwa katika umbo la umeme.

Lakini volti hizo hazina nguvu nyuma yake. Chaji iliyomo kwenye kiwambo ni kidogo kiasi kwamba ukiiunganisha moja kwa moja na kebo ya mita tano, kebo yenyewe itaimeza na miksa haitapata kitu cha maana. Kwa hiyo sentimita chache nyuma ya kiwambo huwekwa saketi ndogo, siku hizi yenye transista, zamani yenye valvu, ambayo inapokea sauti hiyo dhaifu na kuipa msuli wa kusafiri kwenye kebo. Saketi hiyo inahitaji chakula. Kiwambo nacho kinahitaji chaji yake. Ndiyo maana maiki zako zilikaa kimya mpaka ulipobonyeza kitufe.

Huenda utasikia kwamba maiki nyingi za bei nafuu ni za "elektreti" na kwa hiyo hazihitaji umeme. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakiwa katika maabara za Bell huko Marekani, walibuni maiki ambayo kiwambo chake kina chaji iliyogandishwa ndani ya plastiki yenyewe, haihitaji kutiwa tena. Kwa hiyo mahitaji ya kiwambo yakaisha. Saketi ya transista nyuma yake bado ina njaa. Baadhi hulishwa na betri ndogo, zile za simu na kompyuta hulishwa volti chache tu kupitia jeki ndogo ya milimita 3.5, na zenye plagi ya pini tatu hulishwa na kitufe chako cha 48V.

Maiki za kawaida za ukumbini, zile anazozilinda mzee wako, ni za dainamiki. Ndani yake kuna koili ya waya inayocheza mbele ya sumaku, sawa kabisa na dainamo ya baiskeli: ukiizungusha inazalisha umeme wake yenyewe. Hizo hazimwombi mtu chochote. Tutazirudia.

Kabla ya umeme huu wa kupita ndani ya kebo ya sauti, maiki za kondensa zilikuwa mzigo. Aina hii ni ya zamani sana; E. C. Wente aliibuni mwaka 1916 Marekani, na kampuni ya Neumann ya Berlin ikaanza kuziuza mwaka 1928. Hata U 47 yao ya mwaka 1949, ambayo hadi leo mafundi wanaitaja kwa heshima, ina valvu ndani, na valvu inataka umeme wa kuipasha moto pamoja na umeme mwingine wa volti zaidi ya 100. Kila maiki ilikuja na sanduku lake la umeme na kebo yake nene yenye nyaya nyingi. Ukitaka maiki sita unabeba masanduku sita.

Transista zilipoingia, mahitaji yakashuka sana na mafundi wakaanza kufikiri: kwa nini tusitumie nyaya zilezile za sauti? Mwaka 1964 kampuni ya Schoeps ya Ujerumani ilitengeneza maiki za namna hiyo kwa ajili ya redio ya Ufaransa, zikitumia volti 9 hadi 12. Mwaka 1966 Neumann walikuwa wakiiandalia redio ya taifa ya Norwei, NRK, maiki mpya za transista, KM 84. Norwei wakati wa baridi jua linaonekana kwa saa chache tu, kwa hiyo studio zao zilikuwa tayari na mfumo wa taa za dharura wa volti 48. Umeme ulikuwa umeshafika ukutani. Ikaamuliwa maiki zitumie huohuo. Namba unayoiona kwenye kitufe chako Tanga ilitoka kwenye taa za dharura za Norwei, na baadaye ikaingizwa kwenye viwango vya kimataifa.

Jina lake la kitaalamu, fantomu, maana yake ni mzuka. Lilitoka kwa mafundi wa simu, ambao zamani waligundua namna ya kupitisha mazungumzo ya tatu juu ya jozi mbili za nyaya zilizokwisha kubeba mazungumzo mawili, bila kuongeza waya. Njia hiyo ya tatu ilikuwepo lakini ukiutazama waya mmoja mmoja huioni. Maiki yako inatumia ujanja wa ukoo huohuo.

Sasa fungua plagi ya kebo yako uitazame. Utaona pini tatu zenye namba. Pini 1 imeungwa na wavu wa waya unaozunguka kebo yote kama kinga. Pini 2 na pini 3 zimeungwa na nyaya mbili za ndani, ndizo zinazobeba sauti. Saketi ya maiki inapeleka sauti kwa kinyume: pini 2 ikipanda, pini 3 inashuka. Kule kwenye miksa kuna ampu ambayo kazi yake ni kupima tofauti kati ya pini 2 na pini 3, basi. Haijali pini zote mbili zimesimama kwenye volti ngapi. Inajali zinatofautiana kwa kiasi gani.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo nitakupa mfano wa ngalawa. Ngalawa mbili zimefungwa bandarini, ubavu kwa ubavu. Bamvua linaingia, maji yanapanda mita tatu. Ngalawa zote mbili zimepanda mita tatu. Aliyekaa kwenye moja akiitazama ya pili anaona nini? Haoni mabadiliko yoyote, kwa sababu wamepanda pamoja. Lakini kiwimbi kidogo kikipita, kikiinua moja na kushusha nyingine, anakiona palepale. Volti 48 ndiyo bamvua. Sauti ya dufu ndiyo kiwimbi. Miksa inatia volti 48 kwenye pini 2 na volti 48 kwenye pini 3 kwa usawa, na ampu inayopima tofauti tu haioni kitu: 48 kutoa 48 ni sifuri. Maiki nayo inachota chakula chake kutoka kwenye nyaya hizo mbili kwa usawa, na umeme unarudi nyumbani kupitia pini 1, kwenye wavu wa kinga.

Ili upate picha ya ukubwa wa bamvua hili: maiki ya kondensa ya kawaida ikisimama mbele ya sauti ya desibeli 94, ambayo ni kubwa, hutoa kama milivolti 10 hadi 20. Volti 48 ni maelfu ya mara zaidi ya hapo. Vyote viwili vinasafiri kwenye shaba ileile kwa wakati uleule, na unachosikia kwenye hedifoni ni kile kidogo peke yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hili bado linanifurahisha.

Usawa wenyewe unalindwa na vitu viwili vidogo: rezista mbili za kiloomu 6.8 ndani ya miksa, moja kwa kila waya. Kiwango hakisisitizi sana thamani yenyewe. Kinasisitiza zifanane, zisipishane zaidi ya asilimia 0.4. Ngalawa moja ikiwa nzito kuliko nyenzake, zitapanda kwa kupishana, na tofauti hiyo ampu itaikuza pamoja na sauti yako. Baada ya rezista kuna kapasita zinazozuia volti 48 zisiingie ndani ya ampu, zikiruhusu sauti peke yake kupita.

Rezista hizo zina kazi ya pili, nayo inajibu hofu ya shoti. Zinabana mkondo. Hata ukiunganisha pini 2 na pini 1 moja kwa moja kwa kipande cha waya, kinachoweza kupita ni volti 48 kugawa kwa omu 6,800, yaani miliampea 7 hivi. Ukiunganisha pini zote mbili na pini 1, ni 14. Mkondo huo hauwezi kupasha waya moto wala kuunguza kebo. Tena mwimbaji hagusi pini 2 wala pini 3, ambazo zimefichwa ndani ya plagi. Anachokishika na kukigusa kwa mdomo ni bodi ya chuma ya maiki, na bodi imeungwa na pini 1, upande wa sifuri. Kijana wa qaswida akipigwa shoti mdomoni, usiitafute sababu kwenye kitufe cha 48V.

Itafute ukutani. Hapa ninaomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya jibu hili, kwa sababu mzee wako huenda ameshaona mtu akipigwa shoti na maiki, na aliona kweli. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Miksa ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye ethi nzuri, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, na kinanda au ampu ya gitaa imechomekwa kwenye eksteni iliyokatwa pini ya ethi, bodi za vyombo hivyo viwili zinaweza kuwa na tofauti kubwa ya volti. Mtu anayeshika gitaa kwa mkono na kugusa maiki kwa mdomo anakuwa daraja. Mara nyingi ni mtekenyo kwenye midomo, unaotokana na umeme kidogo unaovuja kupitia chaja au sapulai isiyo na ethi. Lakini chombo kikiwa na hitilafu ndani, ni kifo. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey, alifariki jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki iliyokuwa haina ethi. Ilikuwa ni umeme wa ukutani. Ukisikia mtekenyo mdomoni simamisha kila kitu, mwite fundi umeme apime ethi ya soketi zote zinazotumiwa na mitambo, na vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme mahali pamoja. Kuzima 48V hakutamwokoa mtu hapo.

Turudi kwenye maiki za mzee. Maiki ya dainamiki ina koili, na ncha mbili za koili zimeungwa pini 2 na pini 3. Ukiwasha fantomu, ncha hii inapata 48 na ile inapata 48. Mkondo unapita pale tu penye tofauti, na hapa tofauti haipo. Koili imekaa imetulia kama samaki ndani ya bamvua. Maiki kama Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka huohuo wa 1966, zimekuwa zikichomekwa kwenye miksa zenye kitufe kimoja cha 48V kwa chaneli zote, usiku baada ya usiku, kumbi zote duniani. Maiki nzima na kebo nzima haziungui.

Umeona nimesema kebo nzima. Hapo ndipo hofu ya mzee ina haki. Waya mmoja ukichomoka ndani ya plagi na kugusa wavu wa kinga, usawa umekufa. Upande mmoja wa koili unasukumwa na zile 48, mwingine umeshikwa kwenye sifuri, na miliampea zile 7 zinapita katikati ya koili iliyotengenezwa kubeba umeme mdogo kuliko huo. Kwa maiki imara ya dainamiki utasikia kishindo kwenye spika na sauti kubadilika, na mara nyingi itapona ukiondoa kebo mbovu. Kwa maiki ya utepe ni habari nyingine. Aina hii haina kiwambo wala koili. Ina utepe wa alumini mwembamba wa mikroni chache, unaning'inia kati ya sumaku, na pumzi ya mtu tu inaweza kuuvuta. Kishindo cha umeme kikipita kwenye transfoma yake, utepe unaweza kuvutika ukalegea, au ukakatika.

Nimeshuhudia hilo. Miaka mingi iliyopita niliazima maiki ya utepe kwa ajili ya kurekodi zeze na filimbi. Niliichomeka kwenye kebo ambayo nilikuwa nikiitumia kila siku kwa maiki za dainamiki bila kuona kasoro. Fantomu ilikuwa imewaka kwa ajili ya maiki nyingine. Ndani ya plagi, uzi mmoja tu wa wavu wa kinga, mwembamba kama unywele, ulikuwa umejikunja ukagusa pini 3. Nilisikia mlio mmoja, kisha sauti ikatoka hafifu, kama mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi. Gharama ya kubadilisha utepe ilimeza malipo ya kazi nzima. Tangu siku hiyo kebo yoyote inayoingia studio kwangu inapimwa kwanza, pini kwa pini, hata kama mwenyewe anaapa kuwa ni mpya.

Kwenye ukanda wenu kuna sababu ya ziada ya kupima. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na pini za plagi zinaota ukungu wa kutu ambao huoni mpaka uzifute. Pini 2 ikiwa safi na pini 3 ikiwa na kutu, usawa umeshapungua. Zifute, na nunua plagi ambazo unaweza kuzifungua kwa bisibisi ukatazama ndani. Plagi zilizofungwa kwa plastiki moja kwa moja hazikuruhusu hata kuona ugonjwa.

Epuka pia kebo yenye plagi ya pini tatu upande mmoja na jeki ya mono upande wa pili. Ndani yake pini 3 imeunganishwa na pini 1 kwa makusudi. Jeki hiyo haina kituo cha tatu, na kebo ya namna hiyo ikiungwa kwenye njia yenye fantomu ndiyo ileile hali ya usawa uliovunjika, imetengenezwa kiwandani. Kinanda cha ukumbini kikitakiwa kuingia kwenye tundu la maiki, kipitie kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia ala na tundu la maiki, chenye transfoma, maana baadhi ya vinanda na kompyuta hazikutarajia kupokea volti 48 kwenye mlango wa kutolea sauti. Au kiingie kwenye tundu la jeki la miksa; kwa kawaida matundu hayo hayana fantomu.

Kuna onyo moja dogo ukiwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika vinavyotoka Ulaya. Maiki za zamani za filamu zinaweza kuwa za mfumo mwingine wa volti 12 ambao unatia umeme kati ya pini 2 na pini 3, siyo kwa usawa. Plagi ni ileile, lakini umeme ni tofauti kabisa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Sasa dufu linalokwaruza, na hapa nadhani nimekipata kisa chako. Kila maiki ya kondensa ina kiasi chake cha mkondo inachokula: nyingine chini ya miliampea 1, nyingi kati ya 2 na 5, na kiwango kinaruhusu hadi 10. Mkondo huo unapita kwenye zile rezista mbili na kuacha volti njiani. Chukua maiki inayokula miliampea 4. Kila rezista inabeba 2, na 2 mara kiloomu 6.8 ni volti 13.6. Kwa hiyo maiki yenyewe haipati 48. Inapata 34 na kitu. Hilo ni la kawaida, na mtengenezaji amelipigia hesabu. Ila hesabu yake ilianzia 48. Chanzo kikianzia 35, maiki inabaki na 21, na saketi yake haina tena nafasi ya kupanda na kushuka. Sauti ya kawaida ya mwimbaji inapita vizuri. Dufu likilia, wimbi linagonga dari, na kichwa chake kinakatwa. Mkwaruzo unaousikia ndio huo.

Na kwa nini chanzo kishuke? Intafesi yako inakula kutoka USB, na USB ya kawaida ya toleo la 2.0 ina volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5 kwa kila kitu. Ndani ya intafesi kuna saketi inayozipandisha volti 5 kuwa 48, na kupandisha huko kunapoteza umeme njiani. Maiki mbili zenye njaa kubwa zinaweza kutaka karibu wati 1 nzima, mbali na intafesi yenyewe inavyokula. Ukiwa umeichomeka kwenye habu (kigawanya matundu ya USB) isiyo na umeme wake, pamoja na flashi na kipanya, au kwenye simu, maiki moja inashiba na mbili zinagombania sahani. Dalili yako ya moja sawa, mbili mkwaruzo, inaelekeza hapo.

Usinunue kitu bado. Tafuta mita ya umeme, hata ya bei ya chini. Chomeka kebo kwenye chaneli ya pili bila maiki, washa 48V, weka mita kwenye volti za DC, na ugusishe ncha zake kwenye matundu ya plagi upande wa maiki. Pini 1 na 2 zikupe kati ya 44 na 52. Pini 1 na 3 zikupe namba hiyohiyo. Pini 2 na 3 zikupe sifuri au karibu yake kabisa. Kisha chomeka maiki moja kwenye chaneli ya kwanza na utazame mita ya chaneli ya pili. Chanzo chenye afya hakitikisiki. Ikishuka kutoka 48 hadi 40 au chini, umemkamata mwizi. Hapo ondoa habu, chomeka intafesi moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo fupi ya USB, na ikiwa intafesi ina tundu la sapulai ya nje, itumie.

Kama namba zote ziko sawa na mkwaruzo upo, kwanza hakikisha geni, yaani kirungu cha kukuza sauti ya maiki, haijapandishwa kupita kiasi. Taa nyekundu ya intafesi itakuambia. Kisha tazama kwenye maiki kama ina swichi ya kupunguza desibeli 10, ambayo kwa dufu la karibu inafaa sana. Na kama mkwaruzo unakuja hata pakiwa kimya, hasa asubuhi au baada ya mvua, huo ni unyevu umeingia kwenye kiwambo na chaji inavuja. Zihifadhi maiki kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Katika kuwasha na kuzima, uwe na utaratibu. Shusha sauti ya chaneli na ya hedifoni, chomeka kebo pande zote mbili, ndipo uwashe 48V, kisha subiri sekunde 10 hivi kapasita zijae kabla ya kupandisha sauti. Unapoondoa, zima kwanza, subiri tena, ndipo uchomoe. Ukichomeka huku fantomu inawaka, pini 2 na pini 3 zinaweza kugusa kwa kupishana sehemu ndogo ya sekunde, na kishindo chake kinatosha kuumiza spika na masikio ya aliyevaa hedifoni.

Kwa mzee wa ukumbini, nenda na mita yako siku isiyo na shughuli, umwombe mpime kebo zake pamoja. Usianze kwa kumwambia amekosea. Pimeni kila kebo, pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, kisha hakikisheni 1 haigusani na 2 wala 3. Zenye kasoro mzifungue mzilehemu upya. Akiona zimebaki nzima tupu, chomekeni maiki yake moja ya dainamiki, aiwashe 48V yeye mwenyewe na aimbe.

Ukishapima intafesi, niandikie namba nne: tatu za kebo bila maiki, na ile ya chaneli ya pili maiki ya kwanza ikiwa kazini. Ongeza aina ya maiki na miliampea zilizoandikwa kwenye karatasi yake, nikuambie kama intafesi hiyo inazimudu zote mbili.